Hamira Imenyimwa Naitrojeni Lakini Haijili: Mwongozo wa Kutafuta Kasoro

Umeotesha hamira vizuri, umeiosha, umeihamishia kwenye chakula kisicho na naitrojeni, umesubiri saa nne, na sasa matokeo hayaeleweki. Ama hakuna dalili yoyote kwamba seli zimejila, ama dalili iko kila mahali, hata kwenye sampuli ambazo hazikutakiwa kuwa nayo. Mwongozo huu ni wa aliyekwama hapo. Unahusu hamira ya mikate, Saccharomyces cerevisiae, na otofajia yake: namna seli inavyozungushia utando wa tabaka mbili sehemu ya saitoplazimu yake, ikaipeleka kwenye vakuoli (chumba cha kuyeyushia ndani ya seli), ikaiyeyusha na kurudisha amino asidi zitumike upya.

Kabla ya kugusa chochote, kumbuka mzigo unapita wapi. Naitrojeni ikiisha, TORC1, kundi la protini linaloamuru seli ikue na kuzuia otofajia, hutulia. Hapo Atg1 na Atg13 (Atg ni jina la protini za otofajia) huungana na Atg17 na wenzake kando ya vakuoli, vifuko vidogo vyenye Atg9 hufika, na Atg8 hubandikwa kwenye mafuta ya utando yaitwayo PE. Utando hukua na kujifunga, ukawa otofagosomu yenye upana wa takriban mikromita 0.3 hadi 0.9. Otofagosomu ikifika kwenye vakuoli, utando wake wa nje huungana na wa vakuoli na kifuko cha ndani hudondokea humo. Atg15 hukipasua, kisha vimeng'enya Pep4 na Prb1 hukatakata protini zilizomo. Ukiuliza tu kama otofajia ipo au haipo, utazunguka wiki nzima. Uliza mzigo umekwama wapi.

Halafu usifanye jaribio lolote bila kuweka pembeni hamira mbili za kulinganishia: atg1Δ, ambayo haiundi otofagosomu kamili, na pep4Δ, ambayo inaziunda na kuzipokea kwenye vakuoli lakini haiyeyushi kitu (alama Δ inaonyesha jeni iliyofutwa). Karibu kila uamuzi ulioandikwa hapa chini unazitegemea hizo mbili, na mimi siamini picha wala bloti (kipimo kinachotenganisha protini kwa uzito na kuzionyesha kama bendi) ya otofajia isiyokuwa nazo.

Saa nne zimepita na hakuna kilichotokea

Usianze kulaumu jeni. Anza na kopo la YNB, unga wa msingi wa chakula cha hamira, na usome lebo yake neno kwa neno. Maabara nyingi zina makopo ya aina mbili yanayofanana kwa rangi na ukubwa: moja lina salfeti ya amonia, jingine halina. Lenye salfeti ya amonia hupimwa gramu 6.7 kwa lita, lisilo nayo gramu 1.7 kwa lita. Zile gramu 5 za tofauti ndizo chakula cha naitrojeni chenyewe. Ukifungua daftari lako ukakuta umeandika 6.7 kwenye chakula cha njaa, seli zako hazijaonja njaa hata dakika moja.

Kosa jingine linatokana na mazoea. Hamira kama BY4741 haiwezi kujitengenezea histidini, lusini, methionini wala urasili, kwa hiyo mikono imezoea kuviongeza kila inapochanganya chakula. Kwenye chakula cha njaa usiviongeze. Amino asidi zina naitrojeni, na lusini hasa ni habari njema kwa TORC1: inaiambia iendelee na kazi kama kawaida.

Kuosha nako kuna namna. YPD, chakula cha kawaida cha kuoteshea hamira, ina peptoni asilimia 2 na dondoo la hamira asilimia 1, na tone linalobaki juu ya mashapo baada ya sentrifuji linatosha kuchelewesha njaa. Mwaga maji ya juu, nyonya mabaki kwa pipeti, osha mara mbili kwa maji safi au kwa chakula chenyewe cha njaa, na mara ya pili hamishia seli kwenye chupa mpya.

Kama bado una shaka na chakula chako, seli zenyewe zitakujibu. Weka hamira ya kawaida humo na upime OD600 (ukungu wa chupa, unaoonyesha wingi wa seli) kila saa. Seli zilizonyimwa naitrojeni hukamilisha mgawanyiko zilioanza, kisha husimama, na chini ya hadubini nyingi huwa hazina chipukizi. OD ikiendelea kujiongeza maradufu mara mbili au tatu, kuna naitrojeni mahali fulani.

Angalia pia kama umetia glukosi. Chakula cha njaa ya naitrojeni lazima kiwe na glukosi asilimia 2, na wengi wanaiacha wakidhani njaa ni njaa. Kujila kunahitaji nishati. Ukiondoa naitrojeni na glukosi kwa wakati mmoja, otofajia hushuka badala ya kupanda, na utahitimisha kitu ambacho si cha kweli. Kwa sababu hiyo hiyo, umeme ukikatika na mashine ya kutikisia ikasimama, seli huzama chini, hewa hupungua, na saa mbili za giza si sawa na saa mbili za kutikiswa kwenye nyuzi 30. Sampuli hiyo itupe, uanze nyingine.

Halafu kuna chanzo ambacho watu hukifikia mwisho kabisa, ingawa kinapaswa kuangaliwa mapema: mitokondria. Hamira hupoteza DNA ya mitokondria kwa urahisi na kuendelea kukua kwenye glukosi bila malalamiko makubwa, ila makoloni yake huwa madogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba seli zisizoweza kupumua hushindwa kuamsha otofajia ipasavyo zikinyimwa naitrojeni. Piga mistari ya hamira yako kwenye sahani yenye gliseroli badala ya glukosi, maana bila kupumua haiwezi kuitumia. Isipoota hapo, usihangaike na jeni uliyoifuta. Rudi kwenye friza utoe koloni jingine. Wenye hamira ya ade2 (yenye jeni ya ADE2 iliyoharibika) wana bahati zaidi, maana makoloni mazima huwa mekundu na yaliyopoteza upumuaji hubaki meupe.

Rapamaisini haifanyi kazi

Dawa hii iliyotokana na bakteria wa udongo wa Rapa Nui huizima TORC1 moja kwa moja, na kiasi cha mikrogramu 0.2 kwa mililita kwenye YPD hutosha kuamsha otofajia. Ukiona kimya, fanya jaribio la ukuaji kwanza: seli zilizopata dawa zinapaswa kuacha kukua. Zisipoacha, ama dawa imeharibika, ama hamira yako ni sugu. Usugu huo mara nyingi umewekwa kwa makusudi. Hamira zilizotengenezwa kwa ajili ya kuhamisha protini kutoka kwenye kiini kwa kutumia rapamaisini hubeba TOR1-1 (jeni ya TOR iliyobadilika isishikwe na dawa) na hukosa FPR1 (jeni ya protini ambayo dawa huitumia kuifikia TOR), ili dawa isiziue. Kwa kazi yetu hazifai kabisa, na jina lililoandikwa kwenye kichupa huenda lisikuambie hayo. Uliza historia ya hamira kabla ya kuiazima.

Seli zikiacha kukua lakini otofajia ikawa kidogo kuliko ya njaa ya naitrojeni, hilo ni la kawaida. Usilinganishe dawa na njaa kwenye mchoro mmoja kana kwamba zina nguvu sawa.

Njaa ipo, lakini hadubini haionyeshi kitu

Hapa panahitaji subira, kwa sababu ndipo otofajia ya hamira ilipoonekana kwa mara ya kwanza. Yoshinori Ohsumi alifungua maabara yake Chuo Kikuu cha Tokyo mwaka 1988, akaanza kuangalia kwa hadubini ya kawaida hamira zisizo na vimeng'enya vya vakuoli. Hoja yake ilikuwa nyepesi: kama vakuoli inayeyusha kila kinachoingia, hutaona kinachoingia, zuia uyeyushaji, mzigo utajikusanya. Baada ya saa chache za njaa vakuoli zilijaa vifuko vidogo vya duara vilivyokuwa vikichezacheza bila kutulia. Makala yake na wenzake ilitoka mwaka 1992, mwaka uliofuata yeye na Miki Tsukada wakatoa makundi 15 ya hamira zilizoshindwa kufanya hivyo, na mwaka 2016 akapewa Tuzo ya Nobel ya fiziolojia au tiba, peke yake.

Kwa hiyo, kama unaangalia hamira ya kawaida yenye Pep4 na Prb1 timamu, vakuoli tupu si kasoro. Vifuko vinaingia na kuyeyuka kabla hujaviona. Tumia pep4Δ, au tumia hamira ya kawaida na uongeze PMSF milimola 1 kwenye chakula cha njaa ili kumzuia Prb1.

PMSF ndiyo inayowaangusha wengi. Ndani ya maji huvunjika kwa muda mfupi, na kadiri pH inavyopanda ndivyo inavyokwisha haraka; kwenye pH 8 nusu yake huweza kupotea chini ya saa moja. Iyeyushe kwenye ethanoli au isopropanoli kavu, itie kwenye chupa dakika ile ile unapoanza njaa, na ukiendelea zaidi ya saa mbili tatu ongeza nyingine. Ikitoka kwenye friza ikiwa na chembe nyeupe chini ya kichupa, ipashe moto kwa viganja hadi chembe zote zipotee. Ukichota maji ya juu tu utakuwa unatia alkoholi, basi. Ni sumu, vaa glavu.

Chini ya lenzi ya 100 yenye mafuta, tafuta vakuoli: duara kubwa, laini, lenye mwanga tofauti na sehemu nyingine ya seli. Tuliza jicho hapo kwa sekunde kumi. Kama otofajia inaendelea utaona vijipunje vinavyotetemeka na kugongana humo ndani, na kwenye seli iliyokaa saa tatu au nne vinaweza kuijaza vakuoli nzima. Hakuna rangi inayohitajika, wala mwanga wa fluoresensi. Mwanafunzi mwenye hadubini nzuri ya kawaida na hamira iliyooteshwa upya kwenye YPD anaweza kuliona jambo hili kwa macho yake, na sioni kwa nini halifundishwi hivyo mara nyingi zaidi.

Tahadhari moja: vakuoli ya hamira huweza kuwa na punje za polifosfeti, nazo hucheza. Ndiyo sababu atg1Δ yenye PMSF lazima iwe kwenye slaidi ya jirani. Ukiona mchezo huo huo kwa atg1Δ, ulichokiona si otofajia.

Madoa ya GFP-Atg8 ni mengi, basi otofajia ni nyingi?

Si lazima. GFP ni protini inayong'aa kijani, na hapa imeunganishwa na Atg8 ili ionekane. Kuhesabu madoa ya Atg8 peke yake ni sawa na kuhesabu malori yaliyopanga foleni nje ya jaa: huenda taka ni nyingi leo, au huenda geti limefungwa. Hamira ya atg1Δ, isiyo na otofajia kabisa, huonyesha doa zuri linalong'aa kando ya vakuoli, kwa sababu Atg8 imefika kwenye eneo la ujenzi ikakwama. Hamira ya ypt7Δ huonyesha madoa kadhaa nje ya vakuoli kwa sababu otofagosomu zimekamilika lakini haziwezi kuungana nayo. Zote mbili huonekana kama shughuli kubwa.

Tofautisha kwa kupaka utando wa vakuoli rangi ya FM 4-64. Kama njia nzima ni wazi, mwanga wa kijani utajaa ndani ya mviringo mwekundu baada ya saa mbili hadi nne. Kama madoa yamebaki nje ya mviringo, tatizo ni ujenzi au muungano. Kama yako ndani na yanachezacheza bila kusambaa, tatizo ni uyeyushaji: angalia PEP4, PRB1 au ATG15. Na kama vakuoli yenyewe imevunjika vipande vidogo vingi, umefuta jeni ya muungano wa tando, iwe ulikusudia au hukukusudia.

Bloti ya GFP inakataa kueleweka

Mantiki ya jaribio hili napenda sana. GFP-Atg8 ina uzito wa kama kilodaltoni 40. Ikiingia kwenye vakuoli, Atg8 huliwa na GFP, ambayo ni ngumu kukatika, hubaki peke yake ikiwa na kilodaltoni 27 hivi. Kiasi cha bendi ya chini kinakuambia mzigo kiasi gani umefika na kuyeyushwa.

Ukikosa bendi ya chini kila mahali hata baada ya saa nne, na ukuaji unaonyesha njaa ni ya kweli, uliza hamira yako ilitoka wapi. Maabara zinazosafisha protini hutunza hamira zisizo na pep4 na prb1 kwa makusudi ili protini zao zisikatwe. Nyingi zina majina yanayoanza na BJ. Ni nzuri kwa kuona vifuko kwenye hadubini, ila kwenye bloti hii hazitatoa GFP huru hata ukizinyima chakula siku nzima.

Ukiipata bendi ya chini kila mahali, hata kwa atg1Δ, hata kabla ya njaa, basi karibu kwa hakika GFP iko upande usiofaa. Mwisho wa protini ya Atg8 hukatwa na Atg4 mara tu inapotengenezwa, ili glisini ya 116 ibaki wazi na kubandikwa kwenye PE. Ukiwa umeweka GFP mwishoni, kama zilivyo hamira za mkusanyiko maarufu wa GFP, Atg4 itaikata pale pale na vakuoli haitahusika kamwe. GFP lazima iwe mwanzoni.

Kama bendi ya chini inaonekana kwenye hamira ya kawaida kabla ya njaa lakini haimo kwa atg1Δ, angalia OD ya kuanzia. Seli zilizolala kwenye YPD usiku kucha hadi zikajaa zimekwishaanza kujila zenyewe. Zianzishe upya asubuhi na uzivune kwenye OD ya 0.6 hadi 1.

Kuna pia uharibifu unaotokea mikononi mwako. Seli zikipasuliwa kwenye bafa ya kawaida, vimeng'enya vya vakuoli hukutana na protini zote na kukata ovyo. Mimi huua kila kitu kwa TCA (asidi ya trikloroasetiki) asilimia 10 kwenye barafu, kisha naosha mashapo kwa asetoni baridi. Ukiongeza bafa ya kupakia na rangi yake ya bluu ikageuka njano, bado kuna asidi. Ukiipakia hivyo bendi zitapinda na kutambaa. Ongeza Tris isiyorekebishwa pH, tone kwa tone, hadi bluu irudi. TCA huunguza ngozi, kwa hiyo usiifanyie haraka.

Fosfatasi ya Pho8Δ60 inasoma juu sana, au haisomi

Hili ni jaribio la namba, si la picha. Fosfatasi ya alkali hupunguzwa amino asidi 60 za mwanzo ili ikose njia yake ya kawaida ya kwenda kwenye vakuoli. Itaamshwa tu ikibebwa na otofajia na kukatwa humo. Usomaji wa juu kabla ya njaa una maana kuna fosfatasi nyingine inayofanya kazi: PHO8 kamili haikuondolewa, au PHO13 bado ipo. Usomaji wa sifuri kila mahali ni ama pep4, ama bafa. Kimeng'enya hiki kinahitaji zinki, kwa hiyo EDTA, inayonyakua metali, inakinyamazisha, na bafa ya fosfeti inakizuia pia. Osha kwa kitu kingine. Gawa usomaji kwa kiasi cha protini kila mara, maana seli zenye njaa na zilizoshiba hazitoi protini sawa.

Ape1 imekomaa ingawa seli zimeshiba

Hakuna kasoro. Ape1, kimeng'enya cha vakuoli, hushuka kutoka kilodaltoni 61 hadi 50 hata kwenye YPD, kupitia njia ya Cvt, inayopeleka vimeng'enya kwenye vakuoli hata seli zikishiba, inayotumia vifaa vile vile vya Atg pamoja na Atg11. Ukitaka Ape1 ikuambie habari za njaa tu, fanya jaribio ndani ya atg11Δ au vac8Δ, ambamo inabaki kubwa seli zikishiba na kukomaa zikinyimwa naitrojeni.

Hamira niliyoifuta jeni haifi kwa njaa

Hamira zisizoweza kujila hufa mapema kwenye chakula cha njaa. Floksini B hupaka seli zilizokufa rangi nyekundu, na ndivyo makundi yale 15 yalivyochujwa. Lakini kifo hakiji siku ya kwanza. Subiri siku kadhaa, kisha linganisha na atg1Δ iliyooteshwa siku moja nayo. Kama atg1Δ imekuwa nyekundu na yako bado, kuna mambo mawili ya kuangalia. Thibitisha kwa PCR kwamba jeni imefutwa kweli na nakala nzima haikubaki mahali pengine kwenye jinomu. Kisha kumbuka kwamba baadhi ya jeni za ATG hazihitajiki kwa njaa ya naitrojeni: ATG11 ni ya mizigo iliyochaguliwa, ATG32 ni ya mitokondria. Ukifuta ATG32, bloti ya GFP-Atg8 itakuwa nzuri kabisa na utadhani umekosea.

Kwa ATG32 otesha hamira kwenye laktati ili mitokondria ziwe nyingi, hamishia kwenye chakula cha njaa chenye glukosi, na fuatilia Om45-GFP, protini ya utando wa nje wa mitokondria. GFP huru ya Om45 huja polepole kuliko ya Atg8, kwa hiyo chukua sampuli ya saa 6 hata kama ile ya saa 2 ni tupu. Zikiwa tupu zote, rudisha ATG32 kwenye plasmidi (duara dogo la DNA) chini ya promota, yaani kiwashio, yake yenyewe. Bendi ya kilodaltoni 27 ikirudi, jeni uliyoifuta ndiyo iliyokuwa chanzo.